Adapta ya Kona

11 Februari

Mke wangu,

Salamu kwanza, halafu majigambo, maana leo sina subira.

Dereva atakayekupa barua hii ana maboksi mawili. Usiyafungue mbele ya watu. La kwanza lina mashine tatu za gemu. Ndiyo, tatu, siyo moja kama tulivyopanga. La pili lina pedi za kuchezea, nyaya, adapta za umeme na gemu zenyewe. Kaa chini nikueleze nilivyozipata, najua utaanza kuuliza kama nimeiba.

Kuna duka kubwa la vifaa vya umeme njia ninayopita nikitoka ghalani. Nimekuwa nikiingia humo bila kununua kitu mpaka walinzi wananisalimia kama ndugu. Unanijua mimi ni mkono wa birika, bei ya kwanza hainigusi. Nimewasoma watu wale. Wakitaka kitu kitoke, wanabandika karatasi ya njano yenye bei mpya juu ya bei ya zamani. Kisipotoka, wanabandika nyingine juu yake. Mimi nazinyanyua pembeni kwa ukucha nione zimefika ngapi, na chenye njano moja nakiacha. Wiki iliyopita wakatangaza kwamba toleo jipya la mashine linaingia, nikajua siku yangu imefika. Zile za zamani zilizorudishwa na wateja, bila boksi wala adapta, wakazitupa kwenye kapu karibu na mlango, njano juu ya njano mpaka zimekuwa nene kama kiraka.

Watu walikuwa wanazipita kwa sababu hazina adapta, na adapta ya dukani peke yake ni karibu nusu ya bei ya mashine. Mimi nikabeba tatu nikaenda nyuma ya soko kwa mzee mmoja muuza nyaya chakavu. Ana pipa zima la adapta, unachagua mwenyewe, bei ya kutupa. Nyingi maandishi yamefutika. Nikakaa na mashine mapajani nikawa najaribu moja moja: kichwa kikiingia bila kulazimisha, kimekubali. Usiku nikaziwasha zote chumbani na zote zikacheza. Mwenzangu tunayelala naye akalalamikia kelele, nikamwambia hiyo ndiyo sauti ya mtu anayerudi kwake.

Gemu za mpira ni za msimu uliopita. Usiseme nimekuletea makapi. Siku msimu mpya unapoingia dukani, wa zamani unaporomoka, na uwanja ni ule ule, wamehama wachezaji wachache tu. Waambie watoto kwamba wachezaji waliohama tumewasamehe.

Kuongezea mtaji nimeuza simu. Usigombe. Tutaandikiana kama wazazi wetu, na dereva ndiye posta. Chumba chetu cha kuchezesha gemu kikijaa mashine tano mimi naaga hapa ghalani. Mgongo umechoka na magunia, na kitanda cha peke yangu nacho nimekichoka.

Wako,
Mzee wa Bei


2 Machi

Mume wangu Mzee wa Bei,

Hilo jina nilikupa kwa kukudhihaki siku ulipovutana na muuza kitanda mpaka akatuletea na godoro, na sasa unalitumia kama cheo. Haya, leo nakupa cheo kweli.

Maboksi yamefika salama. Chumba cha mbele hukitambui. Mashine moja iko ukutani, ya pili karibu na mlango, ya tatu kwenye kona nyuma ya kochi, maana soketi nyingine hakuna. Madirishani nimetundika yale mablanketi mazito ili mwanga usipige kwenye vioo vya televisheni, na mlangoni pazia. Watoto wanaanza kupiga hodi kabla sijafagia. Wamenipachika jina Refa kwa sababu ya filimbi, nami nimelikubali kama utakavyoona hapo chini. Napuliza mechi ikianza, napuliza muda ukiisha, na anayetukana namtoa nje.

Kuna mmoja nataka umjue kabla hujaja. Ni binti wa fundi viatu wa barazani, yule wa ng'ambo ya barabara. Ana miaka tisa. Siku za mwanzo hakuwa na hela, akawa anasimama pale kwenye pazia anatazama, wenzake wakamwita Kipa kwa kuwa hatoki golini. Siku moja nikamwambia aingie, babake anilipe kwa kushona kandambili zangu. Tangu hapo hakuna mvulana aliyemfunga. Anacheza kimya, ulimi umemtoka pembeni, na akishinda ananitazama mimi kwanza. Sisi hatujajaliwa mtoto, na ninajua hupendi nilitaje, lakini huyu akiingia chumba kinanichangamkia.

Jambo moja. Adapta ya kona, ile isiyo na maandishi hata kidogo, inachemka. Jana niliigusa nikaondoa mkono haraka. Nikimwita fundi umeme wa hapa atataka alipwe kwa kuja kuitazama tu. Je, ni kawaida? Nijibu upesi.

Wako,
Refa


20 Machi

Refa wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika. Mwenzangu wa chumba anasema nikiendelea kucheka peke yangu atahama.

Kuhusu adapta, kuchemka ni kawaida, kitu kinafanya kazi. Mgongo wangu nao unachemka na hakuna anayeita fundi. Iinue juu ya tofali ipate hewa chini, na iwe inapumzika kidogo mchana. Hata hivyo sijakaa bure. Pale dukani nimeiona adapta halisi ya mashine ile ile, kwenye boksi lake, imebaki moja. Imeshafikisha njano mbili. Nilikuwa nayo mkononi kabisa nikairudisha, maana hawa watu nawajua, mwisho wa mwezi wanabandika ya tatu. Nimeisukuma nyuma ya maboksi mengine ili asiione mtu. Safari ijayo ya dereva utaipata, na utaipata kwa bei chee.

Huyo Kipa mwambie nakuja mwezi wa sita, na mimi sifungwi na watoto. Nimeshamwekea gemu moja ya mbio za magari, ina mkwaruzo pembeni lakini inacheza.

Nafurahi umepata wa kukutazama kwanza. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili.

Wako,
Mzee wa Bei


27 Machi

Dada yangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Jumamosi chumba kiliungua. Ile adapta ya kona ilishika moto nyuma ya kochi. Kochi lile ni sponji, na juu yake kulikuwa na blanketi la dirisha. Moto wenyewe haukuwa mkubwa mwanzoni, Dada, ni moshi. Kufumba na kufumbua sikuweza kuona mlango. Watoto walikuwa wengi, Jumamosi wanajaa. Niliwashika wawili nikawatupa nje, nikarudi nikashika mwingine. Nikahesabu vichwa barabarani, nikaona wametimia, kumbe nilimhesabu mtoto wa mpita njia. Binti wa fundi viatu alikuwa kwenye kona, upande wa ndani wa kochi. Babake ndiye aliyeingia kumtoa. Mtoto alikufa hospitali Jumapili asubuhi. Tulimzika Jumatatu, nami nilisimama nyuma kabisa, hakuna aliyeniambia niondoke na hakuna aliyenisalimia.

Polisi wamenishika na kuniachia kwa dhamana ya mwenye nyumba. Wanasema ni uzembe uliosababisha kifo, na kesi itasomwa wakipata ripoti ya zimamoto. Waliniuliza ile adapta ilitoka wapi. Nikasema niliinunua mwenyewe kwa mchuuzi aliyepita, simjui kwa jina.

Ndiyo, nimesema hivyo, na sitabadilisha. Mashine zile zimevuka mpaka bila karatasi, wakijua ni za shemeji yako watamsubiri pale pale. Na baba wadogo wa marehemu walisema makaburini, bila kupunguza sauti, kwamba wakimjua aliyeleta kitu kile hatafika polisi. Mimi ni mwanamke mwenye mkono uliofungwa, wananitazama wanapita. Yeye hawatampita.

Barua yake imefika juzi. Anasema niiweke juu ya tofali. Anasema pia anakuja mwezi wa sita, na kwamba amemwekea mtoto yule gemu ya magari. Dada, nisaidie asije. Hilo tu ndilo ninalolitaka sasa hivi, asije na asijue. Akijua atakuja.

Mdogo wako


30 Machi

Mume wangu,

Nimeona nikuandikie mapema. Biashara imelala. Watoto wamechoka na gemu za zamani, nimefunga chumba kwa muda. Usitume kitu kingine, wala ile adapta. Mwezi wa sita usije, nauli ni nyingi na hapa hakuna cha maana cha kuja kufanya. Fanya kazi yako.

Nipo mzima.

Refa


14 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta na nguo ya mteja chereheni, nikaishona mkono juu chini. Nimelia, nimemaliza, sasa nisikilize.

Kuwaficha baba wadogo wa marehemu jina la mumeo, hapo nakuelewa. Kumficha mumeo mwenyewe yaliyotokea, hapana. Shemeji ana mdomo mpana na mkono mgumu, lakini siyo mtu mwovu. Ukimwambia kweli na ukamwambia kaa huko, ana nafasi ya kufikiri. Ukimwambia biashara imelala, kama unavyosema umemwandikia, umemwachia kichwa kitupu, na kichwa cha mwanaume aliye mbali na mkewe hakikai kitupu kwa muda mrefu. Wewe hukumwambia "njoo", hukumwambia "nakukumbuka", umemwambia "usije". Mimi ningekuwa yeye ningeshapanda lori.

Halafu umesema katika kipande kile kidogo ulichonitumia baadaye kwamba unakwenda kila siku kwa fundi viatu kufua na kupika kwa sababu mkewe haamki kitandani. Mkono wenyewe haujapona. Sikukatazi. Ila nataka kujua, wamekuomba au umejipeleka? Kama umejipeleka, jiulize unamsaidia nani. Na majirani wana macho na midomo vilevile.

Hukumu ikiwa mbaya nitakuja. Ikiwa nzuri nitakuja pia. Mwandikie mumeo.

Dada yako


9 Mei

Refa,

Nimesubiri barua, imekuja ile moja yenye mistari ya kuhesabika. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna mengine.

Nimembana dereva. Anasema ameapa kutosema neno kuhusu mambo ya nyumbani kwangu. Kuapa kwa nani? Kwako. Nikamwuliza, je mke wangu ni mgonjwa? Akasema hapana. Chumba kimefungwa kweli? Kimefungwa. Sasa anashinda wapi? Akakohoa akatazama matairi. Nikamshika shati. Ndipo akasema, "Muulize mwenyewe. Mimi nilimkuta kwa fundi viatu anaanika nguo za watu wa nyumba ile."

Nikajikaza nikarudi ghalani. Nikafikiri, labda anafulia watu apate riziki. Lakini kwa nini uwaapishe watu? Kwa nini uniambie nisije? Mimi hapa nalala kwenye ubao, nakula mara moja, naingia duka lile kila siku kama kichaa kutazama karatasi za njano, kwa ajili ya chumba ambacho umekifunga bila kuniuliza. Na yule mtoto uliyemsifu kurasa nzima, kumbe ulikuwa unamsifu babake.

Sikutaka kuandika hilo lakini nimeshaandika na sina karatasi nyingine.

Niandikie kwa mkono wako kwamba sivyo. Neno moja tu, nitaliamini. Nisipolipata nitajua.

Mume wako, kama bado


21 Mei

Kwa mume wangu,

Umeuliza, nami nakujibu. Kila siku niko kwenye nyumba ile tangu asubuhi. Dereva hakukudanganya. Fikiri unavyotaka kufikiri.

Usije. Hakuna mke wa kumfuata huku. Tafuta maisha yako huko huko, wewe ni mtu wa kujua kutafuta.

Refa


22 Mei

Dada,

Jana nimempa silaha aliyoitaka. Anadhani nimekwenda kwa fundi viatu, nami sikukanusha. Nilikaa na kalamu tangu mchana, na kila nikiandika "sivyo" nilijua neno linalofuata litabidi liwe moto, na likifuata hilo yeye atakuwa njiani. Sasa atanichukia, na mtu anayekuchukia hakufuati. Unaweza kunigombeza ukipenda. Mimi nimeona hii ndiyo bei ndogo kuliko zote.

Umeuliza kama waliniomba. Hawakuniomba. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na beseni, mama wa mtoto akageukia ukutani. Fundi akaninyooshea kidole kule kwenye nguo. Mpaka leo hatujazungumza maneno ya kujaza kikombe. Nimeshafua nguo zote za Kipa na kuzikunja, mama hataki zigawiwe.

Kesi imepangiwa mwezi wa saba.

Mdogo wako


16 Juni

Kwa fundi viatu,

Wewe unanijua kwa sura tu toka ng'ambo ya barabara, na jina langu umelisikia, maana unakula jasho langu. Mimi ndiye mwenye mke anayekuanikia nguo.

Sikuandikii kukuomba umrudishe. Mali ikishavaliwa na mwingine mimi siitaki, hata wakiniuzia kwa bei gani. Ninachotaka ni vitu vyangu. Mashine zile tatu nilizinunua mimi. Mke wangu hana hata waya alioununua. Nilibandua karatasi kwa kucha zangu, nikauza simu yangu, nikakaa siku nzima juu ya ndoo nyuma ya soko nikichagua zile adapta moja moja kutoka kwenye pipa kwa mkono wangu mwenyewe. Hata ile ya kona aliyokuwa akiilalamikia kwamba inachemka ni mimi niliyeichagua, na ilikuwa nzuri kuliko nyingine. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa barazani na gundi yako unamvizia mke wa mtu.

Umemtuma binti yako aingie kwanza atuzoeze. Mtoto mdogo unamtumia kama chambo. Mwanaume gani wewe.

Dereva atakuja kuchukua vitu vyangu. Mpe vyote pamoja na adapta.

Mwenye mali


25 Juni

Bwana,

Nimepokea barua yako. Mimi si mwandishi, nimeianza hii mara kadhaa.

Vitu vyako havipo, viliungua. Jumamosi moja mwezi wa tatu ile adapta ya kona ilishika moto watoto wakiwa ndani. Wa kwangu alikuwemo. Mimi ndiye niliyemtoa, alikuwa ameshikilia pedi hadi hospitali, tukaikata waya. Alifariki kesho yake. Alikuwa na miaka tisa na alikuwa mmoja tu.

Mkeo aliwaambia polisi kwamba aliinunua adapta ile kwa mchuuzi. Akaniambia na mimi hivyo hivyo, kwenye baraza yangu, akiwa amesimama. Nilimwamini. Nilimchukia miezi hii yote kwa sababu hiyo, nikamwacha afue nguo zetu na mkono wake unatoka maji, na sikumwambia keti. Mke wangu hajampa uso, anageukia ukuta. Kuhusu jambo uliloandika juu yangu na yeye, sina haja ya kulijibu. Kuhusu mtoto kuwa chambo, nimelisoma peke yangu, na namshukuru Mungu mama yake hajui kusoma.

Ndugu zangu walikuwa wakitafuta aliyeleta kile kitu. Sijawaambia. Nilimsomea mkeo barua yako akiwa anasugua sufuria. Akapiga magoti hapo hapo kwenye maji, akasema, "Fundi, acha nifungwe mimi. Mimi nimeshazoea."

Nilitoka nikakaa barazani.

Kesi yake ni mwezi wa saba, wiki ya kwanza. Wanasema ni kifungo, hana wakili. Sitakwenda kusema lolote, wala kwa ndugu zangu wala kwa hakimu. Nimechoka, na sina mtoto atakayerudi kwa maneno yangu. Ila umeandika ukisema wewe ndiye mwenye mali. Basi mwenye mali aje aseme mwenyewe.

Fundi viatu


6 Julai

Refa,

Nakuandikia kutoka mahabusu ya wanaume. Askari mama aliyekupa karatasi hii ni mtu mzuri, usimwulize maswali. Kati yako na mimi kuna ukuta mmoja na uwanja wa kuanikia nguo. Jana nilisikia mtu anakohoa upande wenu nikajaribu kusikiliza kama ni wewe.

Nilipoipata barua ya fundi nilikuwa juu ya lori napakua. Nilishuka nikakaa chini, msimamizi akadhani nimeangukiwa. Sikurudi hata chumbani. Nilifika, nikapita barabarani kwetu, nikaona dirisha lile jeusi. Fundi alikuwa barazani. Aliniona na alinijua, akainamisha kichwa akaendelea kushona. Nikasimama. Nikaenda moja kwa moja kituoni.

Nimewaambia yote. Duka, pipa, kichwa kuingia bila kulazimisha. Nimewaambia uliniandikia kwamba inachemka na mimi nikakujibu tofali. Nimewaambia kwamba adapta halisi nilikuwa nayo mkononi nikairudisha ili ishuke bei. Yule anayeandika maelezo aliacha kuandika akanitazama.

Nilidhani watakuachia siku ile ile. Badala yake wakakufutia dhamana kwa kuwadanganya, na sasa wananiambia ulipoulizwa upya umesema bado ni wewe. Refa, nilikuita Mungu anajua maneno gani, na wewe ulikuwa na kidonda mkononi. Niombe chochote, ila siyo hili. Kesho ukisimama mbele ya hakimu sema ni mimi. Ni kweli tupu, huhitaji hata kuipamba. Sema ni mimi utoke, Dada yako yuko nje anakusubiri tangu juzi.

Mume wako


6 Julai, jioni

Mume wangu,

Aliyekuwa anakohoa si mimi. Mimi nipo upande wa ndani.

Nimesoma yote. Sijakasirika kuhusu yale uliyoniita, niliyataka mwenyewe. Nimefurahi kwamba umekuja, na ninaona haya kufurahi.

Kesho nitasema ulinunua wewe, kwa kuwa umeshasema. Lakini sitasema ni wewe peke yako, na sitatoka. Wewe na Dada na fundi mnadhani nilidanganya ili nikuokoe. Nilikuokoa, ndiyo. Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Dada, na ambalo ilikuwa rahisi kulificha mkiniona mke mwema.

Jumamosi ile foleni ilifika barabarani. Mashine mbili hazikutosha, na ile ya kona ndiyo iliyokuwa na kioo kizuri. Nilijua inachemka kuliko siku zote, nilikuwa nimeigusa asubuhi. Nikasema ikimaliza mteja huyu naizima, akaja mwingine, akaja mwingine. Kipa alikuwa anaongoza bao moja. Akageuka akanitazama, siyo kwa kushinda. Akaniambia, "Refa, huku kunanuka."

Mimi nilikuwa na filimbi mdomoni na pesa za watoto mkononi. Nikamwambia amalizie kipindi cha pili.

Akageuka akaendelea kucheza, kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Mke wako